Zimwi Lisilokwisha

Mchezo ninaokusudia kukusimulia hauhitaji kiwanja wala mpira. Unahitaji meza, penseli, karatasi, watu wanne au watano wenye midomo, na dadu. Si dadu ya ludo uliyoizoea tu. Iko ya pande 4, iko ya pande 8, na jemadari wao ni dadu ya pande 20. Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, nao ulichapishwa mwaka 1974. Mmoja wenu huwa mtambaji. Wengine kila mtu ana mhusika wake: askari, mchawi, hata mwizi. Mtambaji akisema, "Mmefika mlango wa pango, na ndani kuna kitu kinakoroma," ni nyinyi mtakaoamua kuingia au kutoka mbio. Kwa sisi tuliolelewa kwa paukwa pakawa, huu ni utambaji ambao hadhira imepewa ruhusa ya kuingia ndani ya hadithi. Utamu ulioje!

Lakini wacha vita vianze, uone hadithi inavyokata roho.

Unarusha dadu ya 20, unajumlisha nguvu zako, na ukifikia nambari ya kinga ya adui, umempata. Unarusha nyingine ujue umemtoa alama ngapi za uhai. Kisha zamu ya jirani. Kisha ya adui. Kisha mnarudi pale pale. Katika kanuni za mwaka 2014, zimwi la kawaida lina alama 59 za uhai. Askari mchanga mwenye upanga hulipata kama mara tatu kwa kila nne, na kila pigo linaloingia hutoa alama 7 na nusu kwa wastani. Piga hesabu: mapigo kumi au kumi na moja kwa zimwi moja! Tena likibakiwa na alama 1 hupiga kwa nguvu zile zile za lilipokuwa na 59. Halichechemei, haliogopi, halisemi "tusameheane". Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la mezani lenyewe ndilo halikwishi. Yaweke manne, na jioni yako imekwenda, ilhali tangu mwanzo kila mtu ashajua nani atashinda.

Sisi tulicheza likizo ya Agosti kwa binamu yangu, naye ndiye aliyekuwa mtambaji. Kati yetu alikuwapo msichana wa jirani, hodari wa maneno kupita sisi sote. Siku ya kwanza alimbembeleza mlinzi wa lango hadi akafunguliwa, na juu yake akaazimwa taa! Jumamosi ya tatu tulipigana tangu chai ya saa kumi mpaka giza. Zamu yake ilipofika, alirusha dadu huku anatazama dirishani. "Kumi na nne. Endeleeni tu." Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mimi hesabu nafanya shuleni, bwana."

Wapo wanaosema vita viondolewe kabisa. Mimi nakataa. Kitu kilichokosekana si amani, ni sababu. Katika ngano zetu Sungura akikutana na Simba, hatuambiwi alimchapa makofi mangapi. Tunaambiwa Simba alitaka nini na Sungura alimchezaje. Hata mchezo huu ulilijua jambo hilo zamani. Katika toleo la mwaka 1981, zimwi lilikuwa na alama kama 19 tu, na kila adui alikuwa na nambari ya ujasiri. Mwenzao wa kwanza akifa, au nusu yao wakianguka, mtambaji hurusha dadu mbili za pande 6. Jumla ikipita nambari ile, wanatimua mbio au wanasalimu amri. Isitoshe, mchezaji alikua zaidi kwa hazina aliyoipata kuliko kwa maadui aliowaua, kwa hivyo mjanja aliiba dhahabu na kumwacha zimwi usingizini. Katika kanuni za 2014 ujasiri umewekwa miongoni mwa mambo ya hiari, nazo alama hutoka hasa kwa kuwashinda maadui. Ukimlipa mtu kwa vichwa, si atakuletea vichwa?

Nilimweleza binamu haya tukiosha vyombo. Alinuna kidogo (watambaji wana wivu), lakini akaenda mwenyewe kumwita yule msichana.

Jumamosi ile zimwi lilishuka mlimani. Halikututaka sisi, lilimtaka mbuzi wa ajuza mmoja. Mapigo mawili yaliingia, dadu za ujasiri zikarushwa, nalo likageuka kukimbia, mbuzi kwapani. Askari wetu akashika upinde.

"Ngoja!" msichana akapaza sauti, ameshasimama. "Bwana Zimwi, huyo ni wa maziwa. Tukikupa beberu wawili, utamrudisha?"

Binamu akaziweka dadu chini. "Wanono?" akauliza kwa sauti nzito ya zimwi.

Tulibishana bei hadi tukaitwa kula.