Pazia la Msitu

Studio niliyojifunzia kazi, jirani na Mtaa wa Sikukuu, ilikuwa na msitu wake: pazia la turubai lililochorwa minazi, maporomoko ya maji na swala mmoja mwenye macho ya binadamu. Masika yakiingia, wateja hatuwaoni. Nani avuke tope la Kariakoo na gauni la sikukuu? Mzee wetu akitazama mawingu anafunga mlango. Mvua kwake ilikuwa hasara tupu, nami nikairithi imani hiyo.

Aprili 1998 nilikuwa natoka msibani Kisarawe, gari likatufia kando ya msitu wa Pugu, mvua inamwagika. Nikajibanza chini ya miti, kamera nimeiviringisha kwenye rambo. Nikashangaa. Kijani kile kile ambacho jua la mchana hukiunguza kikapauka, sasa kilikuwa kimekolea. Magome yamekuwa meusi, na hakuna kivuli kikali hata kimoja. Nikatoboa rambo pa kutokezea lenzi, nikamaliza filamu nzima, picha 36.

Karibu zote ziliharibika. Filamu ilikuwa ASA 100, ya harusi za mchana, na humo mitini kamera ilitaka kufunguka kama nusu sekunde. Mkono gani utatulia hivyo, tena umelowa? Zile chache zilizopona, mashine ya kusafishia iliona giza ikaongeza mwanga, ukungu wangu ukatoka kama vumbi la saruji. Mzee akazipekua moja moja. "Umepiga moshi, kijana."

Nilirudi na stendi ya kuazima na filamu ya ASA 400. Baadaye zikaja kamera za dijitali, kosa unaliona hapo hapo. Ila kilichonifaa kuliko vyote ni kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi, kinachoua mng'ao wa maji. Bila hicho, jani lililolowa linawaka kama bati. Marambo yalipopigwa marufuku Juni 2019 nikahamia kofia za plastiki za kuogea. Vipakiti vya kunyonya unyevu naomba kwa wauza viatu wa Mtaa wa Kongo, maana kuvu ikishaota ndani ya lenzi, umekwisha.

Siku hizi pazia la studio yangu ni Pugu ya masika, imechapwa kwenye bango. Juzi mama mmoja alimsimamisha mjukuu wake mbele ya pazia hilo, akaniuliza, "Hii Ulaya ya wapi, baba?"

"Pugu hapo, mama. Ukishapita Gongo la Mboto."

Akacheka, hakuniamini. Akamvuta mtoto asije akakanyaga pazia.