Kifungo Kina Mwisho

Hapa Mabibo, Dar es Salaam, tuna soko la ndizi. Watu huliita Mahakama ya Ndizi. Malori huleta mikungu kutoka mikoani. Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Wanakisomo wangu wengi ni wabeba mizigo na akina mama wauzaji wa soko hilo.

Jioni moja alikuja darasani mwanamume wa makamo. Alisema mbele ya wote, "Nimetoka gerezani. Niliiba, nikafungwa miaka mitatu. Sasa nataka kujua kusoma na kuandika." Watu walinyamaza. Mimi nilimkaribisha kwa mdomo. Lakini alipokaa karibu na meza yangu, nilivuta mkoba wangu. Aliona. Hakusema neno.

Alijifunza kwa bidii. Baada ya miezi minane aliweza kuandika na kufanya hesabu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akimpa kazi ya kushusha mikungu. Sasa akampa daftari, aandike mikungu inayoingia na inayotoka.

Asubuhi moja mikungu miwili haikuonekana. Mtu akapiga kelele, "Mwizi ni yule yule!" Watu wakakusanyika, wengine na fimbo, wengine na mawe. Mimi nilikuwapo. Moyoni nilisema, "Amerudia." Sikufungua kinywa kumtetea. Ndugu zangu, aibu ile ninayo mpaka leo.

Yeye hakukimbia. Aliinua daftari akasema, "Someni kwanza." Mama mmoja mwanakisomo akalichukua, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Jana jioni. Mikungu miwili. Mkopo. Mama lishe." Chini palikuwa na sahihi ya mwenye mali mwenyewe. Alikuwa amesahau. Fimbo zikashuka.

Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Mwalimu, miaka mitatu ile nilipewa na hakimu, nikaimaliza. Hii nyingine nimepewa na nani, na itakwisha lini?" Sikuwa na jibu.

Sheria yenyewe inajua kwamba adhabu ina mwisho. Ibara ya 45 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa Rais uwezo wa kusamehe wafungwa. Tarehe 9 Desemba 2017, Siku ya Uhuru, Rais John Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 waliachiwa huru, na wengine walipunguziwa kifungo. Je, walioachiwa walikwenda wapi? Walirudi kwetu, mitaani na vijijini. Mtu akirudi akakosa kazi na chumba, njia anayoijua ni ile ya zamani. Na akiiba tena, ataiba kwetu.

Sisemi tuwe wajinga. Aliyeibiwa ana haki ya kuogopa. Aliyetoka gerezani asipewe sanduku la fedha siku ya kwanza. Apewe kazi ndogo, akiifanya vizuri apewe kubwa. Hesabu iandikwe, na watu wawili waikague. Tufanye hivyo kwa kila mtu, si kwa aliyefungwa peke yake. Daftari halimwonei mtu. Na mtu akishukiwa, apelekwe kwa mjumbe au polisi. Mawe hayajui kuuliza.

Yule bwana bado anashika daftari lile. Jioni huja darasani na kukaa pale pale karibu na meza. Siku hizi mkoba wangu ukiwa mezani, nauacha hapo hapo.

Tujadiliane
1. Kwa nini mwalimu aliona aibu?
2. Daftari lilimsaidiaje yule bwana? Lilimsaidiaje mwenye mali?
3. Katika kijiji chenu, mtu aliyemaliza kifungo anaweza kupewa kazi gani ya kuanzia?