Mkanda wa Besi

Ujumbe uliingia saa mbili usiku nikiwa kwenye foleni ya matatu za Rongai, mvua ikinyesha, betri ikiwa asilimia nne. Ulitoka kwa jamaa aliyekuwa akipiga matoazi kwenye bendi yetu ya shule, ambaye siku hizi anauza vipuri vya pikipiki mjini Migori. "Mama Besi anafanya rapar mwezi wa nane. Ameuliza kama yule wa tarumbeta bado anapuliza."

Nikausoma mara mbili. Simu ikazima.

Nilikuwa sijashika tarumbeta kwa miaka tisa.

Kama hujui rapar, ni ukumbusho. Mazishi kwetu huja ghafla na kumaliza pesa zote, lakini rapar huja polepole. Familia ikishapata nguvu, labda baada ya mwaka mmoja, labda baada ya kumi, inaita watu tena. Kunakuwa na ibada, watu wanakula, na mara nyingi kaburi lililokuwa kichuguu cha udongo hupata simenti. Hakuna anayetarajiwa kuanguka chini na kupiga mayowe. Unatarajiwa kukumbuka, na kukumbuka ndiko kulikonishinda.

Nilisoma Muhuru Bay, kule Nyatike, mahali ambapo Kenya inaishia majini na Tanzania iko hatua chache upande wa kusini. Watu wa Nairobi wakisikia Muhuru wanauliza kuhusu Migingo, kile kisiwa cha mabati ambacho sisi na Uganda tumegombania miaka nenda rudi. Sawa, boti za Migingo huondoka kwetu. Lakini ukitaka kuijua Muhuru, simama ufuoni usiku usio na mwezi. Utaona mji mzima umewaka juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa omena. Taa huelea juu ya maji, wadudu wanazifuata, na omena wanawafuata wadudu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa hivyo wavuvi hupumzika. Giza ndilo linalolisha watu, na ndilo pia linalowachukua, kwa sababu upepo ukigeuka saa nane usiku huoni wimbi linakotoka.

Bendi yetu ilikuwa na tarumbeta tano, tromboni moja iliyofungwa waya, ngoma ndogo nne, matoazi yenye ufa, na ngoma moja kubwa ya besi. Mwalimu wetu alikuwa amejifunza kupuliza akiwa mtoto katika kanisa la Jeshi la Wokovu. Aliamini kwamba kila kijana mtukutu anaweza kuokolewa kwa kupewa kitu kizito akibebe. Tulifanyia mazoezi chini ya mwembe nyuma ya jikoni. Kwenye karatasi, kazi yetu ilikuwa tamasha za muziki na sikukuu za kitaifa. Ukweli ni kwamba kazi yetu ilikuwa matanga.

Akifa mwalimu mstaafu, tunaitwa. Akifa mzazi wa mwanafunzi, tunaitwa. Boti ikipinduka, tunaitwa. Tulivaa sare nyekundu zilizotutoka mikononi, tukapanda lori, tukashukia mahali ambapo barabara inaachana na njia ya boma, kisha tukaongoza jeneza hadi nyumbani. Na tulizipenda Jumamosi hizo. Niseme tu ukweli. Bwenini tulikula ugali na sukuma wiki, lakini matangani kulikuwa na wali, nyama na soda. Ijumaa tulikuwa tunaulizana, "Wiki hii kuna mtu?" Tulisema hivyohivyo: kuna mtu. Mtu akiwepo, tulifurahi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kifo kwangu kilikuwa na harufu ya pilau.

Kazi yangu ilikuwa kupiga Last Post kaburini.

Huo ni mlio wa jeshi la Waingereza. Zamani ulipigwa kambini kutangaza kwamba siku imeisha, walinzi wote wamekaguliwa, watu wakalale. Baadaye ukahamia makaburini. Hauhitaji kubonyeza hata kitufe kimoja cha tarumbeta. Ulitungiwa baragumu, ambalo halina vitufe. Kila noti inatoka kwenye midomo na pumzi. Ukitaka kupanda juu, unakaza midomo. Ukitaka kushuka, unailegeza. Kwa hivyo hakuna pa kujificha. Mwalimu alinieleza siku ya kwanza kabisa: "Ukilia, midomo inatetemeka. Ikitetemeka, noti inakatika. Ikikatika, umeiharibia familia. Wewe lia baadaye."

Basi nikajifunza kutolia. Nilichagua kitu cha mbali, ncha ya hema au bati la jikoni, nikakikazia macho mpaka nimalize. Nikawa hodari. Wazee walikuwa wananishika bega na kusema, "Kijana huyu ana moyo." Hawakujua kwamba moyo nilikuwa nimeuacha kwenye lori.

Kuna watu huuliza kwa nini Wajaluo tunazika kwa kelele. Mimi huwajibu kwamba kelele ndiyo heshima. Zamani, akifa mwanamume mzee, watu walifanya tero buru: wakatoka na ng'ombe, ngao na mikuki, wakapiga kelele na kukimbia hadi mpakani kukifukuza kifo. Bendi ya shule ilipofika haikuona pengo la kuziba. Ilipata nafasi ikiwa tayari inapiga kelele, ikajiunga.

Mpiga ngoma yetu kubwa nitamwita Besi, kama tulivyomwita. Jina lake halisi ni la mama yake kwanza, na mama yake bado yuko. Besi alikuwa mrefu kupita kiasi. Mkanda wa ngoma ulikuwa na matundu ya kurekebishia, na hata lile la mwisho halikumtosha. Akapasha msumari moto jikoni, akatoboa tundu lake mwenyewe. Alipiga ngoma kwa haraka kidogo kuliko alivyotaka mwalimu, na kila baada ya mapigo manne alichomeka pigo la ohangla, dogo, la wizi. Mwalimu akigeuka, yeye anatazama mbinguni.

Shule iliwahi kutupeleka Rusinga, Homa Bay, kuona kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Jengo la kaburi lile lina umbo la risasi. Sisi wengine tulisimama kimya kama tulivyoagizwa. Besi akaninong'oneza, "Manze, mimi nikifa msinijengee mtumbwi."

Nilicheka. Sikujua nimebebeshwa sentensi ambayo ingenifuata mpaka Rongai.

Likizo ya Aprili, tukiwa kidato cha tatu, Besi alienda kuvua omena kutafuta karo. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Nusu ya darasa letu ilikuwa ikifanya hivyo. Walikuwa wanne kwenye boti. Upepo ukaja alfajiri. Watatu walishikilia boti iliyopinduka hadi kulipopambazuka. Besi, ambaye alijua kuogelea kuliko wote, aliachilia. Wanasema aliona taa na kudhani iko karibu.

Ufuo ukasimama. Hakuna aliyeenda kuvua, wavuvi walitoka kumtafuta yeye tu. Mama yake alikaa kwenye mchanga siku nne, katikati ya nyavu ambazo hazikuwa na omena za kuanika. Siku ya nne akapatikana.

Jumamosi bendi ikaitwa.

Asubuhi hiyo hakuna aliyetaka kuigusa ngoma. Ilikuwa imeegemea ukuta wa stoo, mkanda ukining'inia. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, kisha akasimama mbele yangu. "Tarumbeta ziko tano," akasema. "Ngoma ni moja."

Nikaivaa. Mkanda ulikuwa bado kwenye tundu la Besi, na mimi ni mfupi. Ngoma iliteremka ikanifika magotini. Mwalimu akasema niupunguze. Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Nikasema, "Iko sawa, mwalimu." Tukatembea hivyo kutoka barabarani hadi bomani, karibu kilomita mbili, ukingo wa ngoma ukinigonga magoti kila hatua. Sikutaka kulifunga lile tundu. Sina maelezo bora kuliko hayo.

Tulipoingia bomani tukipiga polepole, kama inavyotakiwa, mama yake akatoka nyumbani. "Nani anapiga hiyo ngoma?" Bendi nzima ikanyamaza. Nilidhani ataivunja. Alikuja akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma, akakiacha hapo kwa muda.

"Piga," akaniambia. "Lakini upige kama yeye. Usipige kama mtu wa matanga."

Nikajaribu. Nikaharakisha, nikachomeka lile pigo la wizi. Lilitoka vibaya, nikalirudia likatoka vizuri kidogo. Wamama wakapiga vigelegele huku wanalia, vijana wakaanza kuruka, vumbi likapanda. Kwa dakika chache Besi alikuwa pale, kabisa.

Baadaye zikaja hotuba. Mheshimiwa mmoja alizungumzia uchaguzi, kisha akaahidi jaketi za kuokolea maisha kwa ufuo mzima. Hadi naondoka Muhuru, hatukuziona.

Halafu kaburini mwenzangu akapiga Last Post. Mimi nilisimama na ngoma, sina kazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia wimbo ule bila midomo yangu kuhitajika. Ningeweza kulia. Hakuna noti ambayo ingekatika. Nilikuwa na ruhusa yote duniani, na rafiki yangu alikuwa anashushwa ardhini. Macho yangu yakatafuta bati la jikoni yenyewe, yakaliganda.

Sikulia. Si siku hiyo, si bwenini, si mwaka ule. Nikadhani ndio ukubwa. Nilipomaliza shule nilirudisha tarumbeta stoo, nikaja Nairobi, nikatafuta maisha. Baba alipofariki nilikuwa mimi niliyepanga hema, viti na gari la mochari. Watu wakasema nina moyo. Mpenzi wangu wa wakati huo aliniuliza, "Kwani wewe huumii?" Nikamwambia nitalia baadaye.

Novemba iliyopita rafiki yangu mpiga picha alinivuta hadi makaburi ya vita ya Ngong Road. Kila mwaka kuna ibada ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Nilienda nikiwaza kuhusu wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza, maelfu kwa maelfu, Wajaluo wakiwa wengi kati yao. Wengi hawana kaburi lenye jina. Walichoachiwa ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo vinywa vyetu vililigeuza likawa Kariokor, na leo tunalijua kwa nyama choma na viondo.

Mpuliza baragumu akapiga Last Post. Nikatafuta kitu cha kukazia macho. Kimya kikafuata, kama dakika mbili. Nikageuka niondoke, maana ninavyojua mimi, imeisha.

Akapuliza tena.

Ulikuwa mlio mwingine, mwepesi, unaoruka. Nikamuuliza mzee mmoja mwenye nishani kifuani huo ni nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua ni nini. "Reveille. Ya kuamsha. Last Post ni ya kulala, hiyo ni ya kuamka. Huwezi kulaza watu halafu uwaache hapo."

Sisi tulifundishwa ya kwanza tu. Jumamosi baada ya Jumamosi nililaza watu, nikapanda lori, nikaenda zangu.

Ndiyo maana ujumbe wa rapar ulipoingia sikulala. Asubuhi nilijibu: "Mwambie nitakuja." Nikaazima tarumbeta kwa kijana wa kanisa moja hapa Rongai. Midomo ilikuwa imekufa. Wiki tatu nilifanya mazoezi nimefunga madirisha, na jirani wa juu alinitumia ujumbe akiuliza kama nimenunua mbuzi.

Agosti nikapanda basi la usiku, Narok, Kisii, Rongo, Migori, kisha matatu hadi ziwani. Kaburi lilikuwa limesakafiwa, simenti bado nyeusi kwa unyevu. Halikuwa na umbo la mtumbwi. Tulikuwa wanne wa ile bendi, wote tumenenepa. Ngoma haikuwepo, shule iliibadilisha zamani. Mama Besi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya fimbo. Alinishika mkono muda mrefu bila kusema lolote.

Nilipiga Last Post macho yakiwa kwenye kaburi. Si kwenye bati. Ilitoka nzima, sijui vipi. Tukanyamaza. Mbuzi mmoja alilia kule nyuma, ziwa likasikika. Kisha nikaanza ya pili, na katikati, pale inapopanda, midomo ikatetemeka, noti ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Nikasimama na tarumbeta mkononi, uso wote maji, mtu mzima, mbele ya watu waliokuja kula.

"Huo wa pili ni wa nini?" Mama Besi akauliza.

"Ni wa kuamsha, mama. Askari wakiusikia huamka."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Huyo alikuwa mgumu kuamka, nyathina. Rudia."

Nikarudia. Ikakatikia palepale.