Miguu Isiyofika Sakafuni

Mtu anayeingia katika ofisi yoyote ya mji wa Nyeri, iwe ya serikali, ya wakili au ya chama cha ushirika, kwa kawaida hutazama nyuso. Lau angedondosha kalamu akainama kuiokota, angekutana na mambo mengine kabisa chini ya meza: bunda la karatasi ambalo halijafunguliwa, boksi la printa lililobonyea katikati, kitabu cha simu cha enzi ambazo vitabu vya simu vilikuwa vingali vikichapishwa, tofali lililoviringishwa gazeti, na pengine debe lililogeuzwa. Juu ya kila kimoja pana jozi ya miguu. Vitu hivi havimo katika orodha ya samani za ofisi hizo, wala hakuna aliyevinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Ni jibu la kimyakimya la watu wafupi kwa viti vilivyotengenezwa pasipo kuwauliza urefu wao.

Mpiga chapa mmoja wa mji huo aliishi na jibu hilo kwa takriban miaka thelathini. Urefu wake ni futi nne na inchi kumi na moja. Alipoanza kazi mwaka 1989 alikalia kiti cha mbao mbele ya taipureta, na miguu yake ikaning'inia tangu asubuhi ya kwanza. Hakulalamika. Kazi ya taipureta, kwa jinsi ilivyokuwa, ilimlazimu kuinuka mara kwa mara: kubadilisha utepe, kupanga karatasi za kaboni, kupeleka barua kutiwa sahihi, kurudi na barua hiyo hiyo kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa. Kompyuta ilipokuja iliondoa safari hizo ndogo moja baada ya nyingine. Kosa likawa linasahihishwa hapo hapo, barua ikatumwa bila mtu kunyanyuka, na saa za kuketi mfululizo zikawa tatu, kisha nne. Watu wengi huhesabu jambo hilo kuwa faida tupu. Miguu yake ilihesabu vingine. Ilipofika saa tisa alasiri vifundo vilikuwa vimefura hata viatu vikamkataa, na akawa anatembea kwenda kituo cha matatu akiwa amekanyaga visigino vya viatu kama mtu aliyevaa ndara.

Sababu yenyewe si ya kimiujiza. Mguu ukikosa mahali pa kutua, uzito wake wote huning'inizwa kutoka kwenye paja, na ukingo wa kiti hubana sehemu ya nyuma ya paja karibu na goti, ambamo mishipa ya damu na ya fahamu hupita. Damu inayopaswa kupanda kurudi moyoni hupunguza mwendo. Aidha, misuli ya mashavu ya miguu, ambayo husaidia kuisukuma damu hiyo juu kila mtu anapopiga hatua, hubaki imelala. Kuna na jambo la tatu ambalo mwenye maumivu huwa halihusishi na miguu hata kidogo: ili apate pa kukanyagia, mtu mfupi huteleza mbele hadi ncha za vidole ziguse sakafu, na kwa kufanya hivyo mgongo huacha egemeo la kiti. Anayekwenda hospitalini kuulizia mgongo huenda, kwa kweli, anaulizia sakafu.

Msomaji atauliza kwa nini kiti kisishushwe tu, maadamu viti vya siku hizi vina mtambo wa kupanda na kushuka. Hapa ndipo penye fumbo. Ofisini kwa mama huyo kilishushwa. Kutoka unyayo wake hadi nyuma ya goti ni sentimita 36, ilhali uso wa meza yake uko sentimita 73 kutoka sakafuni. Alipokishusha kiti kikamtosha miguu, viwiko vikawa chini ya meza kwa zaidi ya sentimita 10, naye akawa anapiga chapa amepandisha mabega mithili ya mtu anayekwepa mvua. Alipokipandisha hadi sentimita 47 mabega yalitulia, na miguu ikarudi hewani. Kiti kinaweza kumtii bwana mmoja tu kati ya wawili, meza au sakafu. Kwa kuwa meza za ofisi ni chache mno zinazoweza kupunguzwa urefu, kinachobaki ni kuipandisha sakafu.

Na kupandisha sakafu ndiyo kazi ya kifaa kinachojadiliwa hapa. Daktari alipomwambia mama huyo kwamba asiendelee kukaa miguu ikining'inia, alikuwa amebakiza miaka minne kufikia umri wa kustaafu wa miaka 60. Alianza kufikiria kuondoka mapema, jambo ambalo lingempunguzia malipo aliyoyategemea kumalizia karo ya kitinda mimba wake. Alikwenda kwa karani wa ununuzi. Karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua fomu, akashika kalamu, akauliza: "Mama, hicho kitu kinaitwaje?" Mama akasema ni kile cha kuweka miguu. Karani akapekua orodha: kiti, meza, kabati, rafu, pipa la taka. Cha kuweka miguu hakikuwamo. Akamshauri aandike barua, naye akaiandika kwa vidole vyake mwenyewe, akiwa ameweka miguu juu ya bunda la karatasi ambalo mtunza stoo alikuwa amekwisha kulidai mara mbili.

Wapenzi wa Kiswahili hawana budi kusimama kidogo kwenye swali la karani, kwa kuwa kitu kisicho na jina hakiagizwi. Wako wanaosema "kiegemeo cha miguu." Lakini kuegemea ni kulaza ubavu au mgongo kwenye kitu kilichosimama, miguu haiegemei, hukanyaga au hutua. "Kikanyagio" kina nguvu zaidi, ila humpeleka msikilizaji kwenye baiskeli, gari au cherehani, yaani pale ambapo mguu unasukuma kitu kiende. "Kibao cha miguu" kingefaa bara. Pwani mtu aweza kukidhania ndugu wa kibao cha mbuzi akauliza nazi iko wapi. "Kipumzishio" kinaahidi mengi mno kwa ubao mmoja. Neno "kiwekeo" halina mbwembwe, limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupatia "kifungio" na "kifutio," na linasema tu kwamba hapa pawekwe kitu. Basi na tuseme kiwekeo cha miguu hadi atakapotokea mwenye neno bora.

Inashangaza kidogo kwamba jina lilipotea, kwa sababu kitu chenyewe si kigeni katika Uswahilini. Anayetembelea makumbusho ya Lamu au Fort Jesus huko Mombasa ataona kiti cha enzi, kile kirefu cha mbao nyeusi, chenye mgongo ulionyooka, nyuzi zilizosukwa na mapambo meupe ya pembe au mfupa. Mbele yake, chini, pana kibao cha kuwekea miguu. Seremala wa pwani alielewa kwamba ukimpandisha mtu kwa heshima, lazima uipandishe na miguu yake. Mgeni mheshimiwa hawezi kuachwa akibembea miguu kama mtoto juu ya ukuta. Milimani mambo yalikuwa kinyume. Heshima ya mzee wa Kikuyu ilikalia njung'wa, kigoda kifupi kilichochongwa kutoka kwenye gogo moja, na aliyekikalia alikuwa na nyayo zake ardhini muda wote. Hakuhitaji kiwekeo kwa kuwa nchi ilikuwa karibu. Kisha zikaja misheni za Tumutumu na Mathari, shule na ofisi za wakoloni, pamoja na mafundi wa seremala waliofunzwa kutengeneza kiti na meza kwa vipimo vya Ulaya. Tukapokea urefu wa kiti, wala hatukupokea kibao cha miguu. Pengine ni dawati la zamani la shule pekee lililokumbuka kidogo, lile lililounganishwa na benchi kwa upao uliopita chini, ambao watoto wa darasa la kwanza waliukanyaga hata ukalika katikati.

Sheria nayo ilikumbuka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda na mahali pengine pa kazi, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi ambaye sehemu kubwa ya kazi yake yaweza kufanywa kwa kuketi kiti kinachomfaa yeye na kazi yake, pamoja na kiwekeo cha miguu iwapo hawezi kuituliza miguu yake vyema bila hicho. Kwa hiyo kitu ambacho hakikuwamo katika orodha ya karani kilikuwamo katika sheria za nchi. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na katika ofisi ile hakuna aliyewahi kuisoma mbali ya ule muhtasari uliobandikwa ukutani karibu na kizima-moto. Barua ya mama haikukataliwa. Ilijibiwa kwamba imepokelewa.

Ndipo alipokwenda kwa fundi, kijana mwenye kibanda kando ya barabara ielekeayo Kamakwa, anayetengeneza vitanda na makabati kwa mbao za mgrevilea, mti ambao Wakikuyu huuita mukima. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, mafundi wengi wa eneo hilo walizidi kuutegemea mti huo wa mipakani mwa mashamba ya kahawa na majani chai, na wakajifunza kuisubiri ikauke sawasawa kwa kuwa mbichi hupinda. Mama alimweleza anachotaka, akamwonyesha kwa mikono. Fundi alisita.

"Mama, hebu keti kwanza," akasema, akimsogezea stuli. "Nisipokupima nitatengeneza kitu cha mtu mwingine."

Alimpima kwa tepu kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, akaandika kwa penseli juu ya ubao. Katika miaka yake yote ya kuketi kwa ajira, huo ulikuwa mwili wake wa kwanza kupimwa kabla ya samani, na alisema baadaye kwamba aliona haya kana kwamba anashonewa nguo ya arusi. Alipotaja kwamba angependa kitu kisicho kigumu kama tofali, kijana akacheka. Mama yake ni mshonaji mjini Karatina, na alikulia chini ya meza ya cherehani, akitazama bamba la chuma likiyumba juu ya mhimili wake. Akasema atafanya vivyo hivyo.

Kilichotoka ni hiki. Ubao wa sentimita 45 kwa 30, umepigwa randa kisha ukatiwa mifereji membamba ili soksi zisiteleze. Katikati ya mapana yake, kwa chini, pamepita ufito wa chuma, na ncha zake mbili huingia katika mbao mbili za pembeni, zilizotobolewa kwa keekee matundu matatu kila moja: sentimita 7, 11 na 15 kutoka sakafuni. La kati ndilo lake, kwa kuwa 47 ukitoa 36 hubaki 11. Yale mengine fundi aliyaongeza bila kuambiwa, akasema kiti hakina mwenyewe wa milele. Ubao huyumba kidogo mbele na nyuma, na hivyo vifundo hupata kazi hata mwenyewe akiwa amezama katika barua. Akitaka utulie, huchomeka kigingi chini yake nao ukabaki na mwinamo mdogo, vidole vikiwa juu kuliko visigino. Nyuma kuna kulabu mbili zinazoshika upao wa meza, kwani sakafu ya saruji iliyong'arishwa ingekitelezesha hadi ukutani. Anayefagia hukinyanyua tu. Bei yake haikuzidi sana ile ya jozi ya viatu vizuri vya mitumba, nayo ilitoka mfukoni mwa mama.

Isidhaniwe kwamba ubao ulifanya kazi ya tabibu. Uvimbe ulipungua kwa majuma kadhaa, haukwisha. Muuguzi alimsisitizia ainuke kila baada ya nusu saa, na hili ndilo gumu zaidi, kwa maana anayeinuka mara kwa mara ofisini huonekana mvivu ilhali anayekufa ganzi kitini huonekana mchapakazi. Hata hivyo aliacha kuzungumzia kustaafu mapema. Faida ambayo hakuitarajia ilikuja Julai, wakati ukungu wa Mlima Kenya na wa Aberdare unapokutana juu ya mji na saruji ikawa baridi kama jiwe la mtoni: mbao zilimwinulia nyayo kutoka kwenye baridi hiyo, na wenzake warefu, ambao hawakuwa na haja ya kiwekeo kwa hesabu ya sentimita, wakaanza kuulizia kibanda cha fundi.

Mmoja wao alichukua tundu la chini kabisa. Mwingine, wa kutoka Othaya, alipendelea kisichoyumba. Fundi ametengeneza kadhaa tangu hapo, kila kimoja baada ya kumketisha mwenyewe na kumpima, na bado hana jina moja analokiitia. Katika daftari lake huandika "ya miguu" na kipimo mbele yake. Kigingi cha kwanza cha mama, kilichokuwa cha mgrevilea, kililika ncha kabla ya mwaka kwisha. Alichopewa badala yake ni cha mutamaiyu, mzeituni mwitu, kilichochongwa kutoka kwenye mpini wa jembe uliovunjika.