Kuhesabu Mikono ya Vanishi

Kazi nyingi za mikono huacha ushahidi unaohesabika. Atakaye kujua mwashi amepanga safu ngapi za matofali, atazihesabu kwa macho. Atakaye kujua mkeka umeshonwa kwa shupatu ngapi, atauinamia na kuziona. Upakaji wa vanishi juu ya mbao hauko hivyo. Mkono wa pili ukikauka huufunika wa kwanza, na wa tatu huufunika wa pili, hata mwishowe macho huona kitu kimoja tu, nacho ni mng'ao. Iwapo mng'ao huo umetokana na mikono mitatu au sita, mbao haisemi.

Walimu wenzangu watakuwa wameona kwamba nimesema "mkono", wala sikusema "tabaka". Ndivyo wasemavyo mafundi: piga mkono wa kwanza, ngoja ukauke, piga mkono wa pili. Tabaka ni jina la kitu kilichobaki. Mkono ni jina la tendo lililofanywa. Anayehesabu matabaka huhesabu kilichopo. Anayehesabu mikono huhesabu alichokitenda, na kwa sababu hiyo ni yeye hasa awezaye kuitoa hesabu hiyo kwa uhakika. Neno hili dogo la karakana limebeba jambo ambalo nimelifikiri sana tangu nianze kukereza kalamu za mbao pamoja na wanafunzi wangu.

Naishi Masoro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, ambako viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi vimejirani na nyumba za watu. Nyuma ya nyumba yangu pana kibanda chenye kerezo dogo la umeme. Wako wasemao keezo, na kitendo chake kukeeza. Maneno yote mawili ni ya zamani katika lugha yetu, maana mafundi wa pwani, kama wale wa Lamu na Siyu, walikuwa wakikereza miguu ya vitanda tangu zama ambazo kerezo halikuwa na umeme. Wanafunzi wachache huja kibandani Jumatano na Jumamosi alasiri. Mbao zetu ni vipande vinavyosalia kwa maseremala wa Gakinjiro ya Gisozi: mara umuyove, mti wa misitu yetu ya milimani, mara grevilea iliyopandwa mipakani mwa mashamba.

Kalamu yenyewe hutengenezwa hivi. Kipande cha mbao hukatwa mara mbili, cha juu na cha chini, kisha kila kimoja hutobolewa katikati na kutiwa mrija mwembamba wa shaba kwa gundi. Baada ya gundi kushika, vipande hufungwa kwenye kerezo, vikazungushwa na kuchongwa kwa patasi mpaka unene wake ukaribiane na ule wa pete za chuma zitakazokaa mwishoni. Ndipo hufuata msasa, kuanzia ule wenye chembe kubwa hadi ule laini kabisa. Mwisho wa yote huja vanishi, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Mikono ikiwa michache, jasho la vidole hupenya upesi, mbao ikawa nyeusi mahali inaposhikwa. Ikiwa mingi mno, mbao husimama juu ya pete, na ukucha ukipita hapo hukwama. Mkono mmoja uliopakwa kwa kitambaa hauzidi sehemu chache za mia za milimita moja, lakini sehemu hizo zikijumlishwa huonekana. Tena kila baada ya mkono mmoja au miwili hupitishwa msasa laini ili mkono ufuatao upate kushika. Asiyejua amekwisha kupaka mingapi hajui msasa wake una unene gani chini yake. Akisugua kupita kiasi hulitoboa tabaka la juu, na pale lilipotoboka pakatokea mviringo hafifu kama ramani ya kisiwa, usioondoka mpaka kazi ianzwe upya.

Yafaa kusema pia kwamba hesabu yenyewe hubadilika kwa kadiri ya dawa inayotumiwa. Shelaki, itokanayo na ute wa wadudu wadogo wa India na Thailand, huyeyushwa kwa spiriti. Mkono mpya huyeyusha kidogo ule wa chini na kuungana nao, hata matabaka yakawa moja. Gundi kali ya papo kwa papo, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1958, hukazwa na unyevu ulioko hewani, na mkereza kalamu aweza kupaka mikono kumi katika saa moja. Moshi wake huchoma macho, kwa hiyo siwapi wanafunzi. Wao hutumia vanishi ya kawaida, ambayo hutaka saa kadhaa, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei hutaka hata siku nzima, kabla ya kuguswa tena. Kwa hiyo baina ya mkono na mkono hupita siku tatu au nne, na aliyepaka wa pili huenda asiwe yeye atakayepaka wa tatu.

Mwanzoni wanafunzi walitaka kutegemea kumbukumbu. Kalamu moja yaweza kukumbukwa. Kalamu 12 zenye vipande 24, zikipita katika mikono ya watoto sita kwa muda wa majuma matatu, hazikumbukiki. Binadamu walilijua jambo hili kitambo sana. Mwaka 1950, huko Ishango, kando ya Ziwa Edward katika Kongo ya mashariki, mchimbuzi Jean de Heinzelin aliupata mfupa mdogo uliochanjwa alama kwa safu tatu. Unakadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000. Wataalamu wanabishana kuhusu maana ya alama zile, bali wengi wanaona kwamba mtu yule alikuwa akihesabu kitu asichotaka kuachia akili peke yake. Nako Uingereza, kwa karne nyingi, hazina ya serikali iliandika madeni kwa kuchanja vijiti na kuvipasua katikati, nusu akapewa anayedai na nusu anayedaiwa, ili mmoja asiweze kuongeza alama bila ya mwenziwe kujua. Vijiti hivyo vilipochomwa moto mwaka 1834 viliunguza na jengo la Bunge.

Sisi tumechukua ubao na kuutoboa matundu, safu 12 za kalamu na nguzo sita za mikono. Katika kila safu mna vijiti viwili, kimoja cha kipande cha juu na kimoja cha chini. Anayepaka ndiye anayesogeza kijiti tundu moja kwenda kulia, naye husogeza baada ya kupaka, si kabla. Hasogezewi na mwenziwe, hata kama mwenziwe alimwona. Pamoja na ubao kuna kadi ya kila kalamu, inayoandikwa aina ya mbao, tarehe, jina la mpakaji, na neno moja au mawili ya kueleza hali.

Kadi hizo zimekuwa somo la sarufi ambalo sikulitazamia. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, lakini wanafunzi wengi bado hukutana nacho darasani tu, na huko viambishi vya wakati huwa kama majedwali ya kukariri. Kibandani viambishi hivyo vina kazi. "Umepakwa" humwambia ajaye kwamba vanishi yaweza kuwa mbichi. "Umekwisha kupakwa" humzuia asirudie. "Haujapakwa" humwambia kwamba kazi inamngojea. "Haukupakwa" ni habari nyingine kabisa: siku ilipita, mkono ukarukwa, na yafaa kuuliza kwa nini. Mtoto aliyeandika "haukupakwa" mahali pa "haujapakwa" hakupoteza alama ya mtihani. Alimfanya mwenziwe aiache kalamu pembeni Jumamosi nzima. Sijaona zoezi la kitabu lililofundisha tofauti ya maneno hayo mawili upesi kuliko hilo.

Kulikuja siku ambapo hata maneno hayo hayakutosha. Mtu mmoja alikuwa ameagiza kalamu 12 za umuyove za kuwapa wageni wake, na tulipatana kwamba kila moja itapakwa mikono sita. Fedha zake zilikwisha kupangiwa kazi, nayo ilikuwa kununua kamusi. Katika juma la mwisho, kalamu ya saba ilionekana ubaoni ikiwa kwenye tundu la nne, hali zenzake zote zilikuwa kwenye la tano. Msichana aliyekuwa na zamu ya Jumatano alisimama mbele ya ubao kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "nadhani niliipaka. Umeme ulikatika nikiwa nayo mkononi. Sikumbuki kama ilikuwa kabla au baada."

Wenziwe wakaanza kutoa shauri. Mmoja alisema kijiti kisogezwe tu, kwani mnunuzi hana macho ya kuona mkono mmoja. Mwingine alisema upakwe mkono wa ziada ili kuondoa shaka. Tuliupitisha ukucha penye pete, tukaigeuza kalamu kwenye mwanga wa dirisha, tukailinganisha na ya sita na ya nane. Hapakuwa na dalili ya upande wowote. Nao mkono wa ziada usingaliondoa shaka. Ungaliihamisha tu, tukawa hatujui kama ni sita au saba.

Sikutoa amri. Msichana yule alichukua kadi, akaandika: "Mkono wa tano: haijulikani kama ulipakwa." Hakuandika haujapakwa, wala haukupakwa, kwa sababu yote mawili yangalikuwa madai asiyoweza kuyathibitisha. Kisha kalamu zote zilipakwa mkono wa mwisho, na siku mnunuzi alipokuja ni yeye msichana aliyesema kwamba 11 zina mikono sita, na moja ina mitano au sita, hatujui. Wenziwe walikuwa kimya, wakimtazama mnunuzi usoni, maana walihofu asije akazikataa zote.

Mnunuzi aliisoma kadi, akaziangalia na nyingine, akalipa fedha za kalamu 11. Ile ya saba aliiacha mezani. Kamusi zikapungua moja, na hadi leo wawili kati yao husomea kamusi moja kwa zamu. Kalamu yenyewe ndiyo tunayoandikia kadi.

Nimeyaeleza haya kwa walimu wenzangu si kwa kuwa kila mmoja wetu atanunua kerezo. Kazi yetu pia ni ya mikono inayofunikana. Mtoto hupewa ngeli mwaka huu na mwalimu huyu, viambishi mwaka ujao na mwalimu yule, na anapofika kwetu tunaona mng'ao au ukosefu wake, wala hatuoni ni mikono mingapi iliyompitia. Daftari la mwalimu aliyetangulia, likiwa limeandikwa kwa ukweli, latuambia pa kuanzia. Likiwa limejazwa alama za "imefundishwa" ili ukaguzi upite, latufanya tusugue mahali palipo pembamba. Basi na tuandike siku ile ile tuliyofundisha, kwa mkono wa yule aliyefundisha. Tutofautishe haijafundishwa na haikufundishwa. Na penye shaka tusione haya kuliandika neno "haijulikani", kwa kuwa ajaye baada yetu anaweza kufanya kazi na shaka iliyoandikwa, lakini hawezi kuikwepa ile iliyofichwa.