Mama Yangu Mbele ya Kaunta

Nimevaa sare ya polisi hapa Uganda kwa miaka mingi, lakini siku iliyonifunza kazi yangu sikuwa nimeivaa.

Nilikuwa likizoni kijijini. Mama yangu mzazi aliibiwa mbuzi wawili, nami nikamsindikiza kituoni, nimevaa kanzu na kandambili. Tulikaa bencheni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Askari wa zamu, kijana wa umri wa mwanangu, hakutuuliza shida yetu. Mwishowe alisema bila kuinua macho, "Mama, leta pesa ya karatasi na ya mafuta ya pikipiki."

Mama alifungua pindo la nguo yake, akatoa noti iliyokunjwa. Nilitaka kujitambulisha, ulimi ukawa mzito. Maneno yale niliyajua. Mimi mwenyewe niliwahi kuyasema kwa mama za wenzangu.

Mbuzi hawakupatikana. Njiani Mama alisema, "Mwanangu, safari nyingine nitamwambia mwenyekiti wa kijiji tu." Nikaona hasara yetu ilivyo kubwa. Mwizi hukamatwa kwa jicho la jirani kabla ya bunduki ya askari, na jirani aliyedharauliwa hufumba jicho lake.

Ibara ya 212 ya Katiba ya mwaka 1995 inatuagiza kulinda maisha na mali, na pia kushirikiana na wananchi. Dhamana ya polisi ni bure, na mshukiwa hana budi kufikishwa mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Hayo tuliyakariri. Kuyatenda ndiko kugumu, maana karatasi hukosekana kweli, na mshahara wa konstebo ni mdogo. Hata hivyo, umaskini wa kituo si deni la mjane.

Niliporudi kazini nilianza na madogo: kumsalimu mgeni kwanza, kumwandika daftarini siku ile ile, na kwenda kwenye mkutano wa kijiji kueleza kila kesi imefikia wapi. Baadhi ya wenzangu walinicheka. Baada ya miezi kadhaa, watu walianza kuleta habari bila kuitwa.

Kikongwe mmoja niliyepokea fedha yake nilimtafuta nimrudishie. Nilikuta kaburi. Wewe uliye zamu leo, inua macho: aliye mbele ya kaunta ni mama wa mtu.