Shangazi, Kikoba na Waya wa Printa

"Baba, wewe si uko chuo?"

Ndivyo shangazi alivyoianza simu ile. Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babu, yaani baba yake mzazi, na akiniita hivyo kwa sauti ya upole najua kuna jambo. Jambo lenyewe lilikuwa laptopu. Anataka kununua, na mimi ndiye nimchagulie. Nikamkumbusha kwamba nasoma historia. Akacheka. "Hiyo historia si mnaiandikia kwenye kompyuta?"

Wanachuo wenzangu, hali hii mnaijua. Mtu akishavuka geti la chuo kikuu, nyumbani wanamhesabu kuwa fundi wa kila chenye kioo na waya. Simu ikigoma, msubirini msomi. King'amuzi kikiandika maneno ya ajabu, mpigieni msomi. Na sisi, badala ya kusema "sijui", tunakohoa kidogo kisha tunaanza kubonyeza.

Safari hii kubonyeza kusingetosha. Shangazi alikuwa na shilingi 600,000. Laki mbili ni akiba yake, laki nne ni mkopo wa kikoba wenye riba ya asilimia 10, wa kurejeshwa kwa miezi sita. Piga hesabu: zaidi kidogo ya 73,000 kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake. Dhamana aliyoweka ni cherehani yake. Cherehani hiyo hiyo ndiyo iliyonilipia kidato cha tano na cha sita baada ya mzee kuondoka. Nguo za sare alizoshona usiku nilizisikia nikiwa kitandani, trrr, trrr, mpaka usingizi ukanichukua. Sasa macho yamechoka, kutunga uzi kwenye sindano ni shughuli. Kwa hiyo ameamua kufungua kibanda cha steshenari karibu na shule, kule Morogoro. Printa ya mtumba alikwishanunua kwa mwalimu aliyehama. Kilichobaki ni mashine ya kutaipia.

Nikamwambia, "Usijali shangazi, niachie mimi." Nilipokata simu, tumbo likanikata.

Maana historia yangu na laptopu si ya kujivunia. Mwaka wa kwanza, bumu la kwanza lilipoingia, nilinunua mashine kwa macho. Nyembamba, inang'aa, ukiifungua pale kantini watu wanageuka. Ilikuwa na RAM ya GB 4 iliyolehemiwa kwenye bodi, haiongezwi wala haibadilishwi. Nikifungua Word na kurasa nne za intaneti, inaganda. Kazi za semina nikawa nazimalizia kwenye kompyuta za maktaba, na ile yangu nimeibeba begani kama pambo.

Jioni nikamfuata mwenzangu wa chumba, yeye ndiye anasoma uhandisi wa kompyuta. Nilitegemea anitajie jina la mashine, niandike, yaishe. Yeye akaniuliza: "Ataifanyia kazi gani? Wapi? Umeme wa huko ukoje?" Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimemuuliza shangazi ana shilingi ngapi tu.

Nikampigia tena. Safari hii nilinyamaza, nikaacha aseme. Atataipu barua, wasifu wa waombaji kazi na mitihani ya walimu wa shule ya msingi. Vijana wa kidato cha sita watakuja kuomba vyuo na mikopo mtandaoni. Mashine atakwenda nayo asubuhi na kurudi nayo jioni kwa bodaboda, maana kibandani hailali. Na umeme, akasema, "unakuja ukipenda."

Mwenzangu akachukua karatasi, akaandika mambo machache. RAM isipungue GB 8, na iwe ya kuongezeka. Diski iwe SSD, kwa sababu haina kisahani kinachozunguka ndani, hivyo inawaka haraka na inavumilia matuta ya bodaboda kuliko diski ya zamani. Betri ipimwe, isiaminiwe kwa maneno. Halafu akanifundisha jambo ambalo nawaachia na nyie: usidanganyike na "Core i7" peke yake. Soma namba inayofuata. Kwenye i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, na namba ikianza na 10 au 11 ujue ni kizazi cha 10 au cha 11. i5 ya kizazi cha 8 inaweza kuiacha mbali i7 ya kizazi cha 2, lakini kibandiko cha i7 ndicho kinachouza. Tena tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi, kwa sehemu kubwa, kuanzia kizazi cha 8. Chini ya hapo unanunua mashine ambayo mlango wake umeshaanza kufungwa.

Jumamosi shangazi akashuka na treni ya SGR ya asubuhi, kitenge kipya, mkoba kwapani. Tukaenda Kariakoo. Kabla hata hatujafika mtaa wa Aggrey, winga wawili walikuwa wameshatushika mikono. "Mama karibu, laptopu ya Dubai, haijaguswa!" Duka la kwanza bei zilikuwa juu. La pili nyingi zilikuwa za kizazi cha 4 na cha 5. La tatu nikaiona.

Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, i7, kioo cha kugusa. Bei 580,000. Karatasi ya mwenzangu ilikuwa mfukoni, lakini mkono haukwenda huko. Nilianza kumweleza shangazi sifa za ile mashine kama vile mimi ndiye muuzaji. Nikimtazama kijana wa dukani, anatikisa kichwa kunikubalia. Leo nikijiuliza ukweli, nilikuwa najichagulia mimi. Nilikuwa naiona ile mashine kantini, siioni kibandani.

Shangazi hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko akatoa waya wa printa. Alikuwa ameubeba kutoka Morogoro.

"Nichomekee huu," akamwambia kijana.

Kijana akaigeuza mashine huku na huku. Ilikuwa na vitundu viwili tu, vidogo, vya USB-C. Waya wa shangazi ni wa ile USB pana ya kawaida. Haukuingia.

"Mama, kuna adapta, unanunua tu."

"Hiyo adapta mnaigawa bure?"

"Hapana, mama, elfu ishirini na tano."

"Na ikipotea, mteja amesimama na mtihani wake kesho?"

Kijana akanyamaza. Mimi nikatoa karatasi mfukoni. Na pale ndipo nikaona, kumbe ile i7 nayo ilikuwa ya kizazi cha 7.

Duka la tano ndiko tulikoikuta ThinkPad T480. Nyeusi, ina kona, haigeuzi shingo ya mtu. i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8 na nafasi ya pili ya kuongeza, SSD ya GB 256. Waya wa printa ukaingia kama umezaliwa humo. Kilichomfurahisha shangazi zaidi ni kwamba ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ya nyuma unaitoa kwa kidole bila bisibisi.

Nikaomba kuandika amri niliyofundishwa: powercfg /batteryreport. Windows inatoa ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inabeba kiasi gani. Ya ndani ilibaki na 17 kati ya 24, ya nyuma 20 kati ya 24. Si mpya, ila si maiti. Nikabonyeza kila herufi ya kibodi, nikafungua na kufunga kioo kusikiliza bawaba, nikaizima na kuiwasha nione kama itadai nenosiri la kampuni fulani ya ng'ambo. Hiyo nayo muiangalie, kwa sababu mashine nyingi za mtumba zimetoka maofisini, na nyingine zinakuja na kufuli zake.

Bei ilianzia 600,000. Hapo nikakaa pembeni, maana historia haifundishi kupatana bei. Shangazi amenunua vitambaa Kariakoo miaka 20. Aliuliza hali ya biashara, akasifu duka, akatoa kasoro ya mchubuko kwenye kifuniko, akaondoka, akaitwa, akarudi. 530,000, pamoja na chaja, begi na garantii ya miezi mitatu. Akataka risiti iandikwe namba ya mashine, akaisoma herufi kwa herufi akilinganisha na iliyo chini ya mashine.

Zile 70,000 zilizobaki nilifikiri atanunua angalau soda. Akazikunja. "Hii ni ya kuanzia rejesho la mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza wateja hawajakujua."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mimi nilikuwa natafuta mashine bora ndani ya 600,000, nimalize zote. Yeye hakutaka mashine imalize fedha. Alitaka fedha ibaki mpaka kazi ianze kuzaa.

Nikamsindikiza stesheni. Njiani nikamwomba radhi kwa ile ya rangi ya fedha. Akasema, "Baba, wewe ulijua ya ndani, mimi nilijua ya kibandani. Ungenitangulia peke yako tungepotea, na mimi ningekuja peke yangu ningeuziwa kibandiko."

Wiki tatu baadaye, nikiwa kwenye mhadhara, simu ikatetemeka. Ujumbe wa shangazi, kautaipu kwa herufi kubwa zote kama kawaida yake:

"BABA HUJAMBO. UMEME UMEKATIKA TOKA SAA NNE. PRINTA IMELALA ILA MIMI NAENDELEA KUTAIPU MITIHANI YA DARASA LA NNE. BETRI YA NDANI BADO SIJAIGUSA."